Nusu ya Maneno ya Bi Esha

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi yangu ni mahamri. Mama hunipa bakuli lenye kifuniko, nami hushuka ngazi, napita duka la nazi, na hapo nimefika mlangoni kwa Bi Esha. Mtaa wetu wa Langoni umebanana. Mtu akipiga chafya ndani kwake, jirani humwombea rehema akiwa ndani kwake. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba watu wa mtaa huu hawakujua Bi Esha yuko edani. Walijua wote. Hata punda walijua.

Mume wa Bi Esha, Bwana Bakr, alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kwa dini yetu, mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nje ila kwa dharura, hajipambi, wala haonani na wanaume wasio jamaa zake wa karibu. Lakini njaa haijui eda. Bi Esha alikuwa akikanda unga na kukaanga mahamri ndani, halafu binti yake Shifaa anapeleka sinia kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na gati. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa mnunuzi wake mkubwa. Sisi majirani tulipokea bakuli zetu kupitia pembeni mwa pazia la mlango, tukasema salamu, tukaondoka. Shifaa ni mwenzangu. Tunakaa dawati moja, na tukigombana tunapatana kabla ya mapumziko.

Basi mimi naitwa Sumeiya, nina miaka kumi na minne, na nina mdogo wangu aitwaye Husein. Mjomba alimletea Husein simu kutoka Mombasa, na tangu siku hiyo hatukupata raha. Alifungua ukurasa mtandaoni akauita Langoni Leo. Akipiga picha punda aliyegoma njiani, anaweka. Akiona paka ameruka na samaki wa mtu, anaweka. Siku akipata watazamaji wengi, chakula hakimshuki kwa furaha. Siku akipata wachache, hakimshuki kwa huzuni. Mama alikuwa akisema, "Mwanangu, hiyo simu itakuja kukuweka wewe." Nani alisikia?

Jumatatu jioni, tumetoka shule, alikuja msomaji wa mita za maji. Jina lake Bramwel, kijana mrefu kutoka bara, upande wa Kakamega. Alikuwa mgeni hapa Amu, yaani Lamu, amepanga chumba kwa Bwana Mselem, mtaa huu huu. Nyumba zetu nyingi zina mita ndani ya ua, kwa hiyo lazima msomaji aingie. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi zetu nikichambua mchele. Husein alikuwa ngazi ya juu na simu yake, akimfuata paka.

Bramwel akafika mlangoni kwa Bi Esha, akasema "Hodi!" mara moja, na kabla neno halijatoka vizuri kinywani, amekwisha kufunua pazia na kutia mguu ndani. Kwetu hapa hodi husubiriwa. Mwanamke ajitande mtandio, au aende chumbani, au mtoto aje mlangoni. Yeye hakujua. Bi Esha alikuwa anakanda unga, kichwa wazi.

"Toka! Toka!" Bi Esha akapiga kelele. "Usitie mguu nyumbani kwangu!"

Bramwel aliruka nyuma, nusura aingie mtaroni. Pazia likashuka. Tukasikia vyombo vikianguka, kisha kimya, kisha sauti ya Bi Esha kutoka ndani, sasa imetulia.

"Nisamehe, mwanangu. Umenishitua. Nimefiwa na mume wangu, niko edani, siwezi kuonana nawe. Nenda mlango wa pili umwite Bi Ruba, aje akusomee hiyo mita."

Bi Ruba ni mama yetu. Mama akaenda, akaingia, akasoma namba kwa sauti kubwa kama muadhini, na Bramwel akiwa nje akaandika. Alipomaliza, Shifaa akamtolea mahamri yaliyofungwa kwenye karatasi. Kijana akala moja pale pale.

"Mama, pole kwa msiba," akasema kuelekea pazia. "Nilikosea. Mwezi ujao nitapiga hodi mpaka mtaa mzima uniitikie."

Bi Esha akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi, nami nilifurahi mpaka nikamwaga mchele.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Yote. Hakuna jingine.

Asubuhi nilipofika shuleni nikakuta wanafunzi wakubwa wamezunguka simu ya mwalimu mmoja wa mazoezi. Video fupi, imesambazwa na kurasa kubwa za Nairobi na Mombasa, hata haijulikani imeanzia wapi. Bramwel anafunua pazia. Sauti: "Toka! Toka! Usitie mguu nyumbani kwangu!" Bramwel anaruka nyuma. Basi. Imekatwa hapo. Juu yake imeandikwa: BI WA AMU AMFUKUZA MTU WA BARA KAMA MBWA.

Lo! Nilidhani watu watacheka, wapite. Watu hawakupita. Kufikia jioni nti nzima, yaani nchi nzima, imekasirika, kama wanavyosema wazee wetu. Mmoja ameandika kwamba Waamu wanajiona Waarabu na kuwadharau Waafrika wenzao. Mwingine amejibu kwamba Amu ni ya Waamu, na asiyependa vyombo viko gatini, apande arudi kwao bara. Huyu akamtukania yule babu yake, yule akamtukania huyu dini yake. Walitukana rangi, walitukana nywele, walitukana pua. Mwanamke mmoja aliyesema yuko ng'ambo aliandika maneno marefu kuhusu uchungu wa Bramwel, alivyolia usiku ule, alivyomkumbuka mama yake. Mtu akachora picha ya Bramwel na machozi makubwa. Baadhi ya waliokuwa wakipigania Amu, wallahi, hawakujua kama Amu ni kisiwa au ni aina ya samaki.

Na Bramwel mwenyewe? Bramwel ana kabambe, simu ya vitufe isiyoona mtandao. Siku ile ya Jumanne alivuka kwenda kusoma mita Mokowe, akalala huko kwa rafiki yake, hana habari na machozi yake.

Kila mtu alimsemea. Hakuna aliyemwuliza.

Jumatano wakaanza kudai: Bi Esha ajitokeze mbele ya kamera aombe radhi! Vijana wa mitaa mingine wakaja na simu zao, wakajaza ndia yetu nyembamba hata punda wa mizigo akashindwa kupita. "Bi, toka nje! Tunataka kukusikia!" Shifaa akafungua mlango kidogo akasema, "Mama yuko edani, hawezi kutoka." Mnajua waliandika nini? Waliandika kwamba anajificha nyuma ya dini. Asipotoka, ni jeuri. Angetoka, ingekuwa amevunja eda, na wangemtukana kwa hilo pia. Sasa mtu afanye nini? Hebu niambieni, afanye nini?

Mama alichoka kueleza. Akikutana na mwanamke dukani humwambia, "Mimi nilikuwapo, mita niliisoma mimi, kijana alipewa mahamri akala." Na mwanamke yule, jirani wa miaka nenda rudi, hujibu, "Lakini Bi Ruba, tumeona kwa macho yetu." Mama akarudi nyumbani akaweka kikapu chini kwa nguvu mpaka nyanya zikapasuka. "Wana macho!" akasema. "Hawana masikio, lakini macho wanayo!"

Alhamisi mchana nilimkuta Shifaa amekaa ngazini kwao na sinia limejaa. Mahamri yamepoa, yamenywea. Hakuwa amekuja shule.

"Bwana Dawud ameyakataa," akaniambia. Bwana Dawud ndiye msimamizi wa ile nyumba ya wageni. "Anasema hana ugomvi na mama, lakini wageni wanamwandikia kwamba hawatalala mahali panapouza vyakula vya mbaguzi. Na mkahawa wa gatini nao wamekataa."

"Watarudi tu," nikasema.

"Watarudi lini? Unga wa leo ulikuwa wa mwisho." Akafuta pua kwa ncha ya mtandio. "Mama amesema Jumamosi nivuke niende Mokowe kwa mjomba. Huko nitakula. Shule tutaona."

Tutaona! Ninyi mnajua maana ya "shule tutaona" kwa msichana. Nilitaka kupiga kelele, nikataka kulia, na sikujua nimlilie nani, maana aliyefanya haya hana uso. Nikaomba simu ya dada mmoja jirani nikaitazama ile video tena, taratibu, kwa hasira. Na pembeni, chini kabisa, nikaona jani. Jani la asumini lililoinama juu ya kopo la samli. Kopo lile ni letu. Liko kwenye ngazi zetu, ngazi ya juu, alipokuwa amekaa Husein.

Nilipanda juu mbio.

"Husein! Ni wewe!"

Alikuwa amejilaza mkekani na uso kama wa mgonjwa. Hakukana. "Sikujua itafika huko," akasema. "Kurasa kubwa ziliichukua, zikafuta jina langu."

"Masikini! Pole kwa kuibiwa!" Nikamsogelea. "Umesema uongo juu ya mjane!"

"Sikusema uongo mimi. Ile ni sauti yake. Yale ni maneno yake mwenyewe. Sikuongeza hata moja."

"Na yaliyobaki yako wapi? Nisamehe mwanangu iko wapi? Mahamri yako wapi?"

"Yapo kwenye simu," akasema polepole. "Lakini video ndefu hazitazamwi."

"Weka yote basi," nikamwambia. "Sasa hivi."

"Watanigeukia mimi! Huoni wanavyotukana?"

"Kwa hiyo watukanwe wengine?"

Hapo tukasikia kelele chini. Bramwel amerudi, godoro begani, begi mkononi, amefura kwa hasira. Anaongea na mtaa mzima.

"Nani amesema mimi nimefukuzwa kama mbwa? Nani? Nashuka kwenye boti, mzee nisiyemjua ananikumbatia huku analia! Anasema, kijana, tuko pamoja nawe. Pamoja kwa nini? Nafika nyumbani, Bwana Mselem amenitolea godoro nje. Anasema watu wanampigia simu, kwa nini anamweka mtu anayewachafulia Waamu jina. Mimi nimechafua nini? Mimi nimesoma mita!"

Mama akatoka na mwiko mkononi. Akamweleza Bramwel habari yote ya video, na kijana akasikiliza mdomo wazi. Kisha Mama akasema, "Laiti ningemjua aliyeipiga." Nikamtazama Husein. Nisingemtaja hapo mbele ya watu, lakini niliapa moyoni kwamba akinyamaza, nitamtaja. Alishuka ngazi moja, akasimama, akashuka nyingine.

"Ni mimi, Mama," akasema. "Na sehemu niliyoikata ninayo."

Mama hakumpiga. Ingekuwa afadhali. Alimtazama tu, akanyoosha mkono, akachukua simu, akaitazama video yote mpaka pale Bi Esha anapocheka. Macho yakamjaa maji. "Iweke," akasema. "Na jina lako uliandike."

Husein akaiweka video nzima, na chini yake akaandika kwamba yeye ndiye aliyeikata, na kwamba Bi Esha hakumfukuza mtu. Tukakaa kusubiri. Jamani! Ile fupi ilikuwa imeruka kama cheche. Hii ndefu ilikaa kama jiwe. Watu wachache waliitazama. Mmoja akaandika, "Wamemlazimisha huyo kijana." Mwingine, "Hii ya pili imetengenezwa." Wa tatu akamtukana Husein, halafu akamtukana tena Bi Esha kwa mazoea. Wengi walikuwa wameshahamia hasira nyingine, kuhusu mwimbaji fulani na nguo zake.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Husein akasema kwa sauti ndogo.

"Yatazoleka," Mama akajibu. "Yatazoleka kwa kitambaa, tone moja moja, na wewe ndiye utakayepiga magoti. Moto uliuwasha kwa kidole. Utauzima kwa miguu."

Kwa hiyo Ijumaa, baada ya swala, tulitembea. Husein mbele, Bramwel nyuma yake kama askari na mfungwa, mimi pembeni kuhakikisha hakuna anayefupisha habari. Tulianza kwa Bwana Mselem. Husein akamwonyesha video yote, akasema kosa ni lake. Bwana Mselem akakuna ndevu, akasema, "Sasa mimi nilifukuza mpangaji kwa jambo ambalo halikuwapo?" Bramwel akalitua godoro chini, akajibu, "Ndiyo, mzee. Na godoro langu limenyeshewa." Bwana Mselem akalibeba mwenyewe kulirudisha ndani.

Tukaenda barazani kwa wazee, dukani, mkahawani. Kila mahali Husein alisimama akasema yale yale, na kila mahali uso wake uliwaka. Wengine walimgombeza. Wengine walimcheka. Mzee mmoja alimwambia hataki kutazama, alishakata shauri. Tulipofika nyumba ya wageni, Bwana Dawud akamvuta Bramwel kando.

"Sema kweli, kijana. Hujashurutishwa?"

"Nimeshurutishwa na njaa!" Bramwel akafoka. "Nyinyi wote mnasema mnanitetea. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza, 'Bramwel, ilikuwaje?' Mtu pekee aliyenipa chakula Amu bila kunijua ni yule mama, na yeye ndiye mnayemlaza njaa kwa jina langu. Kwa jina langu mimi! Basi kama ni kwa ajili yangu, mimi mwenyewe nasema: nunueni mahamri yake."

Bwana Dawud akatazama chini. Wageni wawili waliokuwa wanakunywa chai walikuwa wamesikia kila kitu, na mmoja akauliza kama hayo mahamri yanapatikana leo. "Nitachukua nusu ya sinia kwanza," Bwana Dawud akasema akitoa pesa za kununulia unga, "mpaka upepo utulie." Nusu! Nilitaka kumjibu, Bramwel akanikanyaga mguu. Mkahawa wa gatini ukachukua nusu nyingine. Haikuwa kama zamani, lakini ilitosha unga na mafuta, na Shifaa hakuvuka Jumamosi.

Jioni ile ile ya Ijumaa Mama akampeleka Husein mlangoni kwa Bi Esha. Husein alipiga hodi, akaketi nje ya pazia, kichwa chini. Mimi na Shifaa tulikuwa ndani tukichuja unga, tunasikia kila neno.

"Nimekuja kuomba radhi, Bi Esha. Nisamehe."

Bi Esha akasogea karibu na pazia.

"Husein," akasema, "wewe ulibeba maji ya kumwoshea Bwana Bakr. Ulijua niko edani. Ulijua siwezi kutoka nikasimama mlangoni nikasema, 'Si hivyo, enyi watu.' Katika mji mzima ukamchagua mtu asiyeweza kujibu."

Husein akaanza kulia.

"Nasikia unasema hukuongeza neno, nami nakubali, hukuongeza. Ulipunguza. Anayepunguza maneno ya mtu mpaka yakageuka sumu, na anayetunga uongo wake mwenyewe, hao ni ndugu wa tumbo moja. Ukiwa na habari ya mtu, uwe nayo yote. Ukiwa na nusu, nyamaza. Na ukiletewa nusu na wengine, usikasirike upesi. Muulize kwanza mwenyewe."

"Nimesikia, Bi Esha."

"Nimekusamehe," akasema. "Wewe umekuja, nimekusamehe. Lakini wale maelfu walionitukana mimi na marehemu mume wangu, siwajui sura wala majina. Nao wameshasahau. Niambie, mwanangu, kati yao ni nani utakayemleta hapa akae kama ulivyokaa wewe?"

Husein hakuwa na wa kumleta. Aliendelea kukaa pale nje peke yake mpaka adhana ya magharibi.